Fremu ya Mtumba na Ujuzi wa Kuipatanisha

Mtu aliyenunua fremu kuukuu ya baiskeli ya milima hajanunua baiskeli, hata kama moyo wake wamwambia kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha; amenunua vipimo ambavyo mtu mwingine alivikata, katika nchi nyingine na kwa muradi mwingine, na kila kipuri atakachokileta baada ya hapo, kiwe kimetoka katika Phoenix ya marehemu babu yake au katika lundo la vyuma chakavu la soko la Nyasho, hakina budi kukubaliana na vipimo hivyo au kirudi kilikotoka. Kazi ya kuleta makubaliano hayo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu hufanywa kila siku mbele ya macho yetu, chini ya miembe na kando ya barabara, na watu ambao aghalabu hatuwahesabu miongoni mwa wenye elimu, ilhali elimu yao ina hesabu, ina kanuni, na ina adhabu ya papo kwa papo kwa yule aipuuzaye.

Kigera, upande wa Musoma, ni mahali panapofaa sana kuitazama kazi hii. Nchi yake hushuka kuelekea Ziwa Viktoria, ambalo maji yake yako kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na baina ya makazi na mashamba ya mihogo yamesimama majabali yale ambayo kila mgeni wa Musoma huyastaajabia; vijia vya changarawe na mchanga ni vingi kuliko barabara za lami, na masika yakishuka, njia iliyokuwa ngumu asubuhi huwa tope alasiri. Baiskeli katika nchi ya namna hii ni mnyama wa mizigo. Hubeba madumu ya maji, viroba vya mihogo, magunia ya mkaa, samaki kutoka mwaloni, na juu ya keria mama mwenye mtoto aendaye zahanati. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na baiskeli za nasaba moja, Raleigh za Uingereza, kisha Phoenix za China na Hero na Avon za Uhindi, na kwa muda Swala za kiwanda chetu wenyewe cha NABICO, zote za fremu ndefu ya chuma, magurudumu ya inchi 28 na breki za fimbo, hata fundi aliyeifahamu moja akawa amezifahamu zote.

Baiskeli za gia za mtumba ndizo zilizouvunja udugu huo. Hushuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa zimebanwa ndani ya makontena, pedeli zimeng'olewa na usukani umegeuzwa ili zienee nyingi, na kutoka huko hupakiwa katika malori hadi Mwanza na Musoma. Na kwa kuuzwa na kuuzwa tena njiani, gurudumu hubaki mji huu na kiti mji ule, hata mwishowe fremu humfikia mnunuzi ikiwa peke yake, na bei yake huwa ya kuvutia kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi mmoja wa Kigera, ambaye nimezoea kuketi kwenye benchi lake, akiletewa fremu ya namna hii hashiki spana kwanza. Huchukua uzi wa nyavu, akaufunga kwenye pengo linaloshika ekseli ya nyuma upande wa kulia, akaupitisha mbele ya bomba fupi la usukani, akaurudisha hadi pengo la kushoto na kuuvuta mpaka ukaze. Kisha kwa rula hupima nafasi iliyo baina ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka; vikipishana kidogo, hustahimilika; vikizidi, humtazama mwenye nayo na kumwuliza iligongwa wapi. Baada ya hapo huifuta fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuikagua bila haraka pale nyuma ya bomba la usukani, mahali mabomba mawili yanapokutana, kwa kuwa hapo ndipo rangi hukunjamana katika fremu iliyowahi kugonga ukuta, na hapo ndipo ufa mwembamba hujificha chini ya vumbi. Mwisho hutoa mfukoni kipande cha sumaku kilichotoka katika spika ya redio mbovu, akakigusisha kwenye bomba: kikinata, fremu ni ya feleji, kikianguka, ni ya alumini.

Jambo hili la sumaku si dogo, na rai yangu naisema wazi. Kwa mtu wa Kigera atakayebeba mizigo, fremu ya feleji ndiyo ya kununua, ijapokuwa ni nzito na ijapokuwa kijana wa mjini huicheka. Feleji hupinda kabla ya kukatika, basi humpa mwenyewe onyo. Hulehemiwa kwa moto wa kawaida na mchomeleaji wa jirani. Na sehemu yake ya nyuma fundi huweza kuipanua au kuibana kwa milimita chache bila kuiua. Alumini ni nyepesi na haipati kutu, lakini ikichoka hupasuka, na kuilehemu kwataka mtambo wa gesi ya argoni na mkono uliofundishwa, na hata hivyo mahali palipopata moto hupoteza nguvu mpaka fremu ipitishwe tena katika tanuri. Fremu ya alumini iliyopasuka, hapa kwetu, ni ya kuuza kwa kilo.

Wala asidhani mtu kwamba kuunda baiskeli kwa vipuri vya kuokoteza ni unyonge wa maskini tu. Baiskeli ya milima yenyewe ilizaliwa hivyo. Katika miaka ya 1970, huko Marin, jimbo la California nchini Marekani, vijana waliopenda kuteremka Mlima Tamalpais hawakuona dukani baiskeli yoyote iliyoweza kustahimili mawe yale, basi wakazitafuta fremu nzito za Schwinn zilizoundwa katika miaka ya 1930 na 1940, wakazivua madoido yote, wakazivika matairi manene, wakazitia mikono ya breki iliyotoka katika pikipiki na gia zilizotoka katika baiskeli za safari ndefu. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lao la kwanza katika njia iliyoteremka kwa ukali kiasi kwamba breki zilizokuwa ndani ya habu ya nyuma, zile zinazofanya kazi kwa kurudisha pedeli nyuma, zilipata moto hata grisi ikaungua na kutoka moshi, ikawabidi wazifungue na kuzijaza grisi upya kila baada ya mteremko. Joe Breeze alianza mwaka 1977 kuunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara mwaka 1979. Na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyoundwa Japani kwa wingi, na dunia nzima ikafuata. Fundi wa Kigera anayeivika fremu ya Ulaya gurudumu la kwingineko na cheni ya kwingineko haendi kinyume na sanaa hii. Yumo katika shina lake.

Sasa tuingie katika vipimo vyenyewe, na tuanzie katikati ya fremu, katika lile bomba fupi linalopokea ekseli ya pedeli, kwa sababu lisipokubali hapo hakuna baiskeli. Hapa tumepata bahati njema. Fremu nyingi za milima zina hesi za kipimo cha Kiingereza, kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 katika kila inchi, kipimo ambacho baiskeli nyingi za fremu ndefu nazo zilikirithi, hata vikombe vya gololi vilivyotoka katika Hero iliyokwisha kufa huweza kuingia katika fremu iliyozaliwa Ulaya, illa upana wa bomba lazima upimwe kwanza, kwani fremu za milima ni za milimita 68 au 73, na ekseli fupi katika bomba pana haikazi. Kikombe cha kulia hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume cha desturi, kwa sababu mwendo wa gololi ndani yake ungekifungua taratibu kikombe kilichokazwa kwa kawaida. Na pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume kwa hoja iyo hiyo. Asiyelijua hili hutia bomba refu katika mpini wa spana, akakanyaga kwa mguu, na hesi ambazo hazina badala zikaondoka kama unga wa chuma. Namkumbuka fundi yule akizipanga gololi za robo inchi juu ya grisi kwa ncha ya kidole, 11 upande mmoja na 11 upande wa pili. Panapobaki upenyo mdogo kijana anayejifunza hutaka kuongeza ya 12, na fundi huuondoa mkono wake bila kusema neno, kwa kuwa gololi hazina budi kupata mahali pa kutembea.

Magurudumu ndipo fedha nyingi hupotea, na hupotea kwa watu wenye akili timamu. Mtu ana magurudumu ya Phoenix, mazima, yamekaa darini, naye huona ni upotevu kununua mengine. Lakini rimu ya Phoenix, pale tairi linapokalia, ina kipenyo cha milimita 635, na rimu ya baiskeli ya milima ya inchi 26 ina milimita 559. Tofauti ni milimita 76, basi gurudumu la Phoenix likiingizwa katika fremu ya milima, ama tairi husugua bomba la nyuma, ama huingia lakini breki hazioni rimu. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa umevaa jina zuri. Kuna matairi yaliyoandikwa 26 na mengine yaliyoandikwa 26, na hayafanani. Lililoandikwa 26 x 1.95, kwa nukta ya desimali, ni la rimu ya milimita 559. Lililoandikwa 26 x 1 3/8, kwa sehemu, ni la rimu ya milimita 590, nalo halitakaa kamwe juu ya rimu ya baiskeli ya milima hata ukililazimisha. Anayenunua tairi aitafute namba ndogo iliyochapwa ubavuni, mathalan 50-559 au 37-590, ambayo hueleza unene na kipenyo kwa milimita, na aiamini hiyo kuliko maneno ya muuzaji.

Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ina nafasi nzuri zaidi ya kuokolewa. Wahindi waliirithi desturi ya zamani ya Waingereza ya spoku 32 mbele na 40 nyuma, ilhali rimu za milima huwa na matundu 36 au 32; kwa hiyo habu ya mbele ya matundu 32 huweza kusukwa katika rimu ya milima ya matundu 32, ikapata maisha mapya, bali ile ya nyuma yenye 40 haina mahali pa kwenda. Fremu ya milima huacha nyuma upana wa milimita 135 kwa ajili ya gia zake nyingi, na habu ya zamani ya mwendo mmoja ni nyembamba kuliko hapo; ukiwa na habu ya mwendo mmoja yenye matundu yanayolingana na rimu, nafasi inayobaki hujazwa kwa washa pande mbili za ekseli, kiasi cha kuiweka friwili sawa na gurudumu la meno la mbele, kwa maana cheni inayokwenda upande hujila yenyewe. Wapo wanaokaza nati mpaka fremu ibanane ili waokoe gharama ya washa. Mimi siwaungi mkono. Fremu iliyobanwa kila siku hudai haki yake siku moja, na aghalabu huidai mteremkoni.

Kuhusu gia, najua kwamba wengi hununua fremu ya namna hii kwa tamaa ya gia 18 au 21, na siwalaumu. Ila nimeona mikono ya kubadilishia gia ikiwa imepinda, nyaya zimeota kutu, meno yamechongoka, na mchanga wa ziwani umeingia kila mahali, nami naamini kwamba baiskeli ya kazi yenye mwendo mmoja uliochaguliwa vizuri hushinda baiskeli ya gia 21 ambazo tatu tu ndizo zinazoshika. Tufanye hesabu. Phoenix yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea takriban mita 5.4 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Fremu ya milima ikitumia gurudumu lake la kati la meno 32, na friwili ya 18 nyuma, husogea takriban mita 3.7, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kupanda mwinuko na gunia la mihogo bila kushuka na kusukuma. Lakini cheni ya mwendo mmoja lazima ivutwe ikaze, na fremu nyingi za siku hizi zina pengo la wima lisiloruhusu ekseli kurudi nyuma. Katika fremu hizo ule mkono wa gia uliozeeka, ambao haufai tena kubadilisha kitu, hufungwa mahali pake ili uibane cheni tu, na kazi hiyo huimudu.

Cheni zote hizi, ya Phoenix na ya milima, zina urefu ule ule wa pingili, nusu inchi, lakini si upana ule ule; cheni pana hupita juu ya meno membamba, cheni nyembamba haipiti juu ya meno manene. Kuijua iliyochoka ni rahisi: weka rula juu ya pini moja, hesabu pingili 24, nawe uone pini ya mwisho iko wapi. Ikiwa katika inchi 12 kamili, ni nzima. Ikifika inchi 12 na sehemu moja ya nane, usiifunge, kwa kuwa itayaharibu meno ambayo ni ghali kuliko yenyewe.

Nimefika penye breki na uma wa mbele, na hapa sina msamaha. Breki za fimbo za Phoenix huvuta juu kuelekea upande wa ndani wa rimu, na rimu ya milima haikuundwa kwa hilo. Basi asijaribu mtu kuzihamisha. Fremu na uma vyenye vijiti viwili vya kufungia mikono ya breki ni neema, kwa sababu mikono hiyo, hata ikiwa ya zamani, husafishwa na kufanya kazi vizuri ikipewa waya mpya na mipira mipya. Rimu ya alumini iwekwe mbele ikipatikana moja tu, kwani rimu ya chuma iliyong'arishwa, ikilowa mvua, huacha kushika kwa muda wa kutisha, na masika hayangoji. Uma wa springi uliokufa, ule unaolala chini ukiuegemea na haurudi, ni mzigo mtupu. Uma mgumu wa feleji wa kipimo kinachofaa ni bora mara nyingi. Kipimo chenyewe ni kipenyo cha shingo yake, inchi 1 katika fremu za zamani na inchi 1 na sehemu moja ya nane katika nyingi zilizofuata, pamoja na urefu wa shingo hiyo, ambao lazima ulingane na bomba la fremu pale ambapo hesi zimekatwa. Mtu akiwa na fedha kidogo tu za kununua vitu vipya, azitie zote katika nyaya, mipira ya breki na tairi la mbele, vingine vyote viwe vya zamani.

Bomba la kiti likilegea ndani ya fremu kwa upungufu wa nusu milimita, kopo la soda hukatwa kwa mkasi, kipande chake kikaviringishwa kulizunguka bomba, kikaingizwa kwa grisi na kukazwa. Ni jambo jepesi na hudumu, ili mradi bomba lizame ndani kiasi cha kutosha, si chini ya vidole vinne.

Liko jambo moja ambalo si la spana. Chini ya bomba la katikati, pale ambapo matope hukaa, fremu nyingi zimegongwa namba. Mnunuzi aisafishe, aiandike katika stakabadhi pamoja na jina la muuzaji, na awepo shahidi, kwa kuwa fremu iliyo uchi ndiyo rahisi kuliko zote kuibwa na kupakwa rangi, na fundi mwaminifu asiyejua ilikotoka huweza kuingia katika tuhuma kwa ajili ya kazi ya mikono yake.

Maarifa haya yote hayapaswi kukaa midomoni tu. Arusha yuko Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyebuni kwa vipuri vya baiskeli mtambo wa kuchajia simu, naye akaendelea kuwafundisha wengine kubuni. Na ng'ambo ya ziwa letu hili, Kisumu, shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, huunganisha baiskeli za Buffalo, za feleji nene na, kwa miaka mingi, za mwendo mmoja tu, ambazo waundaji wake walikusudia kwamba fundi wa kijijini aweze kuzitengeneza. Maana yake ni kwamba watu wenye karakana na vyombo vya kupimia walifikia rai ile ile aliyoifikia fundi wetu kwa benchi na rula. Ningependa kuona katika kila kibanda cha fundi, Kigera na Makoko, Bunda na Butiama, ubao mmoja uliopigwa rangi na kuandikwa vipimo hivi: 635, 590, 559; 68 na 73; 135; matundu 32, 36, 40. Kijana anayejifunza angeusoma kila asubuhi kabla ya kufungua sanduku la spana, na mteja angeusoma kabla ya kwenda Nyasho kununua tairi lisilomfaa.

Na mwenye kuipokea baiskeli yake mpya ya vipuri vya zamani asiipakie gunia siku ile ile. Aiendeshe bila mzigo siku kadhaa, kwa kuwa spoku zilizosukwa upya hulegea zinapojipanga, nyaya mpya hurefuka, na mikono ya pedeli hujisogeza juu ya ekseli yake. Kisha airudishe kwa fundi, spoku zikazwe, waya uvutwe, na zaidi ya yote ikazwe nati ya mkono wa pedeli wa kushoto, au pini yake ikiwa ni ya namna ya Phoenix, kwani ndiyo inayotangulia kulegea, na mkono uliotembea ukiwa umelegea hata kwa safari moja ya mwaloni na kurudi hautakaza tena.